Kigugumizi Nilichokiiba

Vijana wa vichekesho, mlinialika pale ukumbini Soweto, hapo Moshi mjini, mkanipa kiti chenye kitambaa cheupe, mkanivika shada la maua ya plastiki, na kila mmoja akaniamkia kwa adabu. Shikamoo zenu nilizipokea zote. Kisha mkafunga mapazia, mkawasha projekta, mkaonyesha kile kipande. Mnakijua. Mama Subira amesimama mlangoni ameshika ungo, wakwe wanamkatiza maneno, naye anasema, "Su-su-su-su-subirini nimalize." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na vijana wawili wa mbele wakalisema neno lile pamoja naye kama wanakwaya.

Nikasema, "Zimeni hicho." Mkacheka zaidi.

Nikasema tena, kwa sauti yangu ya kila siku, "Nawaombeni mzime." Binti mmoja akafuta machozi ya kicheko, akamwambia mwenzake, "Bibi bado yumo."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Mlinipigia makofi mpaka nikapita mlangoni, mkidhani kutoka nako ni sehemu ya mchezo. Mwenyekiti wenu amenipigia simu mara tatu kuuliza kama niliugua. Sikuugua. Nilikasirika, na hasira yenyewe haijapoa, wala sitaki ipoe kabla sijawaeleza. Siku nyingi mmekuwa mkiniomba niwaandikie habari za kazi yangu ya kuchekesha kwenye televisheni. Basi habari ndiyo hii, na msitegemee kucheka sana.

Jina langu ni Ndeshi. Nalisema kwa sababu pale ukumbini hakuna aliyelitaja. Hata kwenye bango lenu mliandika "Mama Subira", ambaye ni mtu wa kubuni, tena hakubuniwa vizuri, kama mtakavyoona.

Nilizaliwa Machame, nikaenda Dar es Salaam nikiwa msichana kufanya kazi ya kupiga chapa ofisini, na jioni nikawa nakwenda kwenye kikundi cha maigizo. Huko ndiko nilikomkuta Mzee Sefu. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani wa zamani, mwembamba, mkali, kofia haimtoki kichwani, na hakuwahi kunisifia hata mara moja kwa miaka yote niliyomfahamu. Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera nilipaza sauti kama nilivyozoea jukwaani, ili na aliye nyuma kabisa asikie. Fundi wa sauti akavua vipokea sauti masikioni akavitupa chini. Mzee Sefu akaja taratibu, akanionyesha kamera kwa kidole.

"Hii iko umbali gani na pua yako?"

"Hatua mbili, mzee."

"Sasa unamwita nani? Aliye Kigoma?"

Siku nyingine mchezo ulitaka nile ndizi huku nagombana na jirani. Kila waliporudia kurekodi nilimega tonge kubwa la njaa ya kweli. Walirudia mara kumi na moja. Ndizi kumi na moja, wanangu, na ya kumi na mbili nilikimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Tangu hapo nikajua kwamba mbele ya kamera unamega kama panya na kutafuna kama ng'ombe. Hilo andikeni, litawafaa. Andikeni na hili: mchekeshaji hacheki. Yule unayemwigiza hajui kwamba anachekesha. Ana shida zake, na shida zake kwake ni nzito. Ukimwonea aibu, au ukimkonyezea mtazamaji kwa siri, umemuua.

Lakini somo kubwa la Mzee Sefu lilikuwa jingine, na ndilo nililolivunja. Alikuwa anasema mtu mmoja wa kuchekesha hutengenezwa kwa watu watatu. Mwendo umchukulie mmoja, sauti umchukulie wa pili, mikono umchukulie wa tatu, na wote wawe hawafahamiani. Ukifanya hivyo, kila mtu atamwona jirani yake na hakuna atakayejiona mwenyewe.

Nikamuuliza, "Na nikimpata mmoja anayetosha peke yake?"

Akasema, "Huyo hujamwigiza. Umemwiba."

Nikaitikia ndiyo mzee, kama mnavyoniitikia ninyi.

Akatokea mwongozaji mmoja, Gervas, kijana wakati huo, anavaa miwani mikubwa na kuongea haraka. Alikuwa anaanzisha mchezo wa familia wa kila wiki, na ndani yake alitaka mama mkwe kutoka Kilimanjaro anayekuja Dar kumtembelea mwanawe na kukataa kuondoka. "Nataka mama wa Kichaga, anachekesha, basi," akaniambia. Hakuwa na la zaidi. Alinipa wiki mbili nirudi na mtu.

Nikapanda basi nikarudi nyumbani Machame. Sikuhitaji kutafuta. Ng'ambo ya mfereji wetu wa maji, kwenye kihamba, shamba la ukoo, kinachopakana na cha baba yangu, alikuwapo Mama Aikaeli.

Alikuwa mrefu, mweusi, amenyooka kama mti wa mruka. Mume alishafariki, watoto akawasomesha kwa kahawa na maziwa. Alikuwa na kigugumizi tangu utoto. Neno likimkwama aliinua mkono wa kushoto, vidole vimekusanyika kama anayeshika chumvi, jicho la kulia likafumba, akavuta pumzi, akasema, "Subirini nimalize." Na watu walisubiri. Nataka mlielewe hilo. Kijijini kwetu walisubiri, kwa sababu alipomaliza alikuwa amesema jambo. Vikao vya ukoo havikuanza bila yeye. Tena kanisani alikuwa msomaji. Kila baada ya wiki mbili alipanda mbele kusoma somo, likachukua muda mara mbili ya wengine, na mimi tangu mtoto sikuwahi kusikia hata benchi likilia mtu akijigeuza.

Nilikaa kwake siku tatu. Nilimenya naye ndizi za mtori, nikakata naye majani ya ng'ombe, nikamsikiliza akinieleza habari za mama yake, za ndoa yake, za mwaka wa njaa. Alifurahi. Alisema watoto wakishakwenda mjini hawakai tena na wazee, wanaacha sukari mezani na kuondoka. "We-wewe umekaa," akaniambia.

Nami nilikuwa na kijitabu. Nikitoka pale navuka mfereji, nakaa kitandani kwangu naandika: mkono wa kushoto, vidole vitatu. Jicho la kulia. Pumzi huingia kabla ya herufi ya kwanza, si baada. Siku ya kuondoka alinipa mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa, akanisindikiza mpaka barabarani. Akasema nimemtembelea vizuri.

Sikuchukua mwendo wa mtu mwingine, wala mikono ya mtu mwingine. Nilimchukua mzima, na haraka ilikuwa kisingizio tu. Ukweli ni kwamba alikuwa mzuri mno, na mimi nilikuwa na tamaa.

Gervas alipoona, alikaa chini sakafuni kwa kucheka. Wiki ya tatu ya mchezo, watoto mitaani walikuwa wanainua mikono ya kushoto. Wiki ya sita nilishindwa kununua nyanya bila muuzaji kuniambia, "Su-su-subiri, nikuongezee." Nikaongezewa. Nikapewa viti vya mbele kwenye harusi za watu nisiowajua. Msidhani nilikuwa naumia. Nilifurahi kila siku ya mwaka ule, na mkisikia msanii anasema umaarufu ulimchosha, muulizeni ulimchosha lini hasa, wakati anapigiwa makofi au ulipokwisha.

Ikafika Krismasi. Mnajua Krismasi ya kwetu: magari ya Dar yanapanda mlima, kila kihamba kina moshi, kanisa linajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi za nje. Nilivaa gauni jipya nikakaa benchi la katikati. Kabla ibada haijaanza nilishapiga picha na nusu ya wageni. Mama Aikaeli akapanda mbele kusoma. Wakati ule televisheni zilikuwa chache kule juu, na yeye hakuwa nayo. Alisikia tu kwamba mtoto wa jirani anaigiza, akawa ananiombea.

Neno la tatu likamkwama. Akainua mkono wa kushoto.

Watu wa nyumbani walinyamaza kama siku zote. Lakini benchi za nyuma walikuwa wamekaa vijana wa mjini, na mmoja wao, sikumwona ni nani, akasema kwa sauti ya chini iliyosikika kote, "Su-su-subirini nimalize."

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele. Halafu, hili ndilo ninalotaka mlisome mara mbili, watu wakageuka kunitazama mimi, wamefurahi, kama wanaonipongeza. Nami nikatabasamu.

Sikukusudia. Uso wa mchekeshaji umezoea; ukisikia kicheko chake unaitika wenyewe kama mbwa aliyeitwa. Lakini Mama Aikaeli alikuwa amesimama pale juu, anaona kila benchi. Aliwaona wanavyonigeukia. Aliniona ninavyotabasamu. Akautazama mkono wake mwenyewe uliokuwa bado hewani, akaushusha taratibu, na nikajua kwamba ameelewa yote. Akafunga Biblia, akashuka, akakaa. Mchungaji akamalizia lile somo.

Nje, baada ya ibada, nilimfuata. Watu walikuwa wanasalimiana, watoto wanakimbia na maputo. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea.

Akasema, "Zi-zile siku tatu." Akanitazama usoni. "Nilidhani umekuja ku-kuniona mimi."

Nilisubiri aendelee. Alikuwa amemaliza. Aliondoka na kanga yake begani. Jumapili yake ilipofika hakupanda mbele, wala iliyofuata, wala mpaka leo. Mchungaji wa kwanza alimbembeleza, wa pili akamsihi, wa tatu hajui hata kwamba aliwahi kuwa msomaji.

Sasa mtaniambia, bibi, ulikuwa mtoto, hukujua. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Na nilijua, kwa sababu Mzee Sefu aliniambia.

Januari nilirudi Dar nikaenda moja kwa moja kwa Gervas.

"Nataka Mama Subira aache kigugumizi," nikamwambia.

"Apone?"

"Apone. Andika ameombewa, andika amekwenda hospitali, andika amemeza kitu. Chochote."

Akavua miwani akaifuta. "Dada Ndeshi, watu wanaketi saa moja na nusu jioni kwa ajili ya kigugumizi kile. Hawaketi kwa ajili yako."

"Yupo mwanamke wa kweli anayezungumza hivyo. Amechekwa kanisani."

"Basi mwambie anatangazwa bure."

Alilisema hilo huku anatafuta kalamu mezani. Nimeigiza na watu wengi wabaya, lakini wengi wao walijua kuwa ni wabaya. Huyu hakuwa na habari.

Nikaamua nitafanya mwenyewe. Siku ya kurekodi, ni ile ya ungo mlangoni, nilisema maneno yangu yote yamenyooka. "Subirini nimalize." Hivyo tu, mara moja, kama mtu yeyote. Wenzangu wakatazamana. Nilidhani Gervas atapiga kelele, aseme turudie. Hakusema. Akasema, "Sawa dada, imetoka vizuri," akaendelea na tukio lingine. Nikaenda kulala nimeshinda. Nilijiona shujaa, kwa kweli.

Wiki ile mama yangu alilazwa hospitali ya Mawenzi, nikaja Moshi kumwuguza. Jioni, saa ya kuangalia wagonjwa ilipokwisha, nilivuka barabara nikaingia mgahawani kula wali maharage. Televisheni ilikuwa juu ya friji ya soda. Mchezo wetu ukaanza, na watu wakasogeza viti. Kwenye kioo nikafika pale mlangoni na ungo wangu. Nikafungua kinywa.

"Su-su-su-su-subirini nimalize."

Sikuwa nimesema hivyo. Nilikuwa nimekaa pale, kijiko mkononi, najitazama nikifanya nilichokataa kufanya. Walichukua ile silabi ya kwanza wakaikata, wakaibandika mara nne. Kichwa changu kinarudi nyuma na kwenda mbele kama kuku anayedonoa. Mgahawa mzima ulikuwa unapiga meza. Mhudumu akaja na jagi la maji, akaniinamia, akasema, "Mama, leo umezidi kabisa."

Hicho ndicho kipande mlichokionyesha Soweto. Hicho ndicho kilicho kwenye simu zenu, hicho ndicho mlichokifanya stika. Kitazameni vizuri, ninyi mnaojiita wahariri wa video. Ungo unaruka mikononi mwangu mara nne. Kanga yangu inapepea, inarudi, inapepea, inarudi. Hakuna binadamu anayefanya hivyo. Mmekitazama maelfu ya mara na hamkuona, kwa sababu mlikuwa mnacheka, na anayecheka haangalii mikono. Mzee Sefu angewafukuza nyote.

Nilimpigia Gervas simu kutoka posta asubuhi yake. Nikamwambia kile ni kinywa changu. Akasema kipindi ni chake. Nikamwambia sirudi, naye akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumpata mwingine. Kweli alikuwa amempata. Mama Subira akaendelea miaka kadhaa kwa sura ya mwanamke mwingine, mkono wa kushoto juu, jicho la kulia limefumba. Yule mwanamke simlaumu. Alijifunza kwangu, hakujua mimi nilijifunza wapi.

Nikabaki kwenye kazi ndogo ndogo, nesi wa kupita, shangazi wa harusi, muuza genge, na nawaambia kwa kiburi kwamba ndizo kazi zangu nzuri kuliko zote, ingawa hakuna kati yenu anayezikumbuka. Niliigiza mshenga mwongo. Mwendo niliuchukua kwa muuza mbuzi wa Kiboriloni, sauti kwa mwalimu mkuu aliyenichapa darasa la nne, na mikono kwa mama yangu mzazi. Mama alikuwa ameshapona. Alikitazama kipindi kile mpaka mwisho, anacheka na kupiga mapaja, kwa mikono ile ile, akasema, "Huyu mwanamke namfahamu, ila simkumbuki ni wa ukoo gani." Mnaona? Watu watatu. Hakuna aliyelia.

Sasa nakuja kwenu. Kwenye kurasa zenu nimeona mnamrekodi mlevi wa pale stendi anapoanguka, mnaweka na muziki. Nimeona mmemfuata bibi mmoja sokoni anayeongea peke yake. Ninyi hata kuiga hamuigi. Mimi angalau nilikaa siku tatu nikafanya kazi ya kumsoma mtu. Ninyi mnainua simu sekunde kumi mnaondoka, mnaita ni sanaa ya kuchekesha. Na mnaniambia mlijifunza kwangu. Kinachoniuma ni kwamba ni kweli.

Nilipostaafu nilirudi Machame, kwenye nyumba ya baba. Mama Aikaeli bado yupo ng'ambo ya mfereji. Miaka sita sasa tunakutana kanisani. Namwamkia, "Shikamoo mama," naye anajibu, "Marahaba," na anapita. Neno hilo halimkwami. Ningependa kuwaambia nilikuwa naheshimu ukimya wake. Nilikuwa namwogopa.

Niliporudi kutoka ukumbini kwenu sikupata raha. Nilizunguka kihambani siku mbili nawatukana ninyi, hasa yule aliyesema bibi bado yumo. Siku ya tatu matusi yakaniishia, nikajikuta nimesimama kwenye ua mbele ya isale. Wengi wenu mmezaliwa mjini, kwa hiyo nawaeleza: ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Kwetu ukimkosea mtu unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea, naye akiliona anatakiwa akusamehe. Hulipeleki kwa jambo dogo. Kaka yangu aliniona nikilichuma.

"La nani?" akauliza.

"La Mama Aikaeli."

Hakuuliza kosa. "Umechelewa," akasema.

"Najua."

Nilivuka asubuhi hii, jua lilikuwa limeanza kuingia kwenye migomba. Alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua maharage. Amezeeka, mgongo umeinama kidogo, lakini macho ni yale yale. Nikapiga magoti nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Nilikuwa na maneno safari hii, na niliyasema yote: kijitabu, siku tatu, tabasamu la kanisani. Nilimwambia nilivyokataa mbele ya kamera na walivyonikata. Hapo akatikisa kichwa.

"Hi-hilo la kukatwa ni lako na wao," akasema. "Langu ni la si-siku tatu."

"Ndiyo, mama. Nilikuja kukuiba."

Alilitazama lile jani muda mrefu. Akainua mkono wa kushoto, na mimi nikainamisha kichwa maana sikustahili kuuona. Akavuta pumzi. "Nimelipokea," akasema. "Isale haikataliwi. Lakini si mi-mimi peke yangu." Akageuka ndani akaita, "Upendo, njoo."

Akatoka mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja, mjukuu wake, msichana mrefu kama bibi yake. Anaishi na wazazi wake hapo hapo Soweto, anasoma shule ya karibu na ukumbi wenu, na mwisho wa wiki hupandishwa huku kwa bibi. Alisimama akakusanya mikono.

"Shi-shi-shi-shikamoo bibi."

Nimeigiza miaka mingi na najua kutuliza uso. Asubuhi hii sikuweza. Bibi yake akasema, "Mwambie na yeye." Nikamwambia, nikiwa bado nimepiga magoti, kwa hiyo tulikuwa tunatazamana macho kwa macho.

Alikuwa anakijua kile kipande. Darasani kwao wanakicheza kwenye simu ya dada wa mmoja wao. Yeye wanamwita Subirini. Bibi yake alieleza kwamba mwalimu akiuliza swali, Upendo anakuwa na jibu, lakini hanyooshi mkono.

"Yule ni we-wewe?" mtoto akaniuliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unamwi-mwigiza bibi?"

"Ndiyo."

"Kwa ni-nini?"

"Kwa sababu watu walicheka," nikasema.

Mtoto hakuwa na hasira. Alikuwa anapanga jambo, kama mtoto anayepanga hesabu.

"Basi ki-kifute," akasema.

Nikaanza kumweleza. Nikasema hakiko kwangu, kiko kwenye simu za watu, mtu mmoja akifuta kumi wanabaki nacho. Mwenyewe nilijisikia nilivyokuwa naongea, haraka haraka kama Gervas. Mtoto alinitazama mpaka nikanyamaza.

"Nani wa-wanacho?"

Nikamwambia wapo vijana mjini, kikundi kizima, nawafahamu, nina namba ya mwenyekiti wao.

"Utawaambia li-lini?"

Nikasema nitawaambia. Akaendelea kunitazama, na bibi yake naye, maharage yamesimama mkononi.

"Leo," nikasema.

Nimefika nyumbani nimekaa kuandika, hata kupika sijapika. Upendo anateremka Soweto kesho baada ya ibada, na Jumatatu anaingia darasani. Nimeshawaambia.